Mabingwa wa Kupoza Chai

Mwizi mkubwa wa joto la chai ni mvuke. Gramu 1 ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la kutosha kupoza zaidi ya gramu 500 za maji kwa nyuzijoto 1. Kikombe cha gramu 200 kikitoa gramu 2 za mvuke, chai imeshuka zaidi ya nyuzi 5, nawe hujapiga hata funda moja.

Kwa kasi, nafasi ya kwanza naipa kisahani. Wazee waliomimina chai humo wakaipuliza walimfungulia mvuke mlango mpana, huku pumzi yao ikifukuza hewa yenye unyevu iliyotanda juu ya chai.

Mtunza joto hodari kuliko wote ni chupa ya chai. Mwanasayansi James Dewar aliibuni mwaka 1892 kwa ajili ya vimiminika vyenye baridi kali: kuta mbili, katikati ombwe. Hakuichukulia hataza, wengine wakavuna.

Kanuni kongwe ni ya Newton, aliyoichapisha mwaka 1701 bila kutia jina: kadiri chai inavyoyazidi mazingira joto, ndivyo inavyopoa mbio. Na chai inayoanza safari ikiwa na joto dogo kuliko zote Afrika ni ya kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 80 hivi.

Lakini swali lililobishaniwa kuliko yote lilitoka Tanganyika. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Maziwa yaliyochemshwa na kutiwa sukari yalipaswa kupoa kwanza. Yeye, akiona nafasi kwenye jokofu inakwisha, akayaingiza yangali moto. Saa moja na nusu baadaye yake yalikuwa yameganda, ya mwenzake, ambayo hayakuchemshwa, yalikuwa bado hayajaganda. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza darasani kwa nini ya moto yalitangulia kuganda, akachekwa. Kisha akamuuliza swali hilo mgeni kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne. Wenzake wakacheka tena, ila Osborne alilipeleka swali maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Ubishi haujaisha: mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima maji wasilione jambo hilo, mwaka 2020 wa Kanada wakalionyesha kwa chembe ndogo sana zilizo majini. Kwangu hii ndiyo rekodi tukufu kuliko zote, maana kijana yule aliyaamini macho yake, akauliza mara ya pili baada ya kuchekwa.

Rekodi ya hatari inashikwa na haraka ya mnywaji. Tangu mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeviweka vinywaji vinavyozidi nyuzi 65 katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani, ya umio hasa. Chai yako ikitoka jikoni inafuka, mimina kisahanini, puliza, ndipo unywe.