Tabora: Kwa nini gari hutulia likiongeza kasi barabara ya vumbi

KATIKA karne ya 19, wapagazi waliotoka Bagamoyo kwenda Ujiji walipita Tabora kwa miguu. Leo hupita mabasi na malori, na penye vumbi adha yao ni matuta madogo yaliyofuatana kama mawimbi.

Wahandisi huchunguza mtikisiko huo kwa kompyuta. Programu huigiza robo ya gari, yaani gurudumu moja pamoja na springi, shokapu na uzito linaoubeba. Kipimo cha kimataifa cha ubovu wa barabara, kilichochapishwa na Benki ya Dunia mwaka 1986, hutumia hesabu hiyo hiyo.

Kwa kawaida, bodi hupanda na kushuka mara 1 hadi 2 kwa sekunde, na gurudumu takriban mara 10. Matuta yakiachana mita 1, gari lendalo kilometa 36 kwa saa huyakanyaga mara 10 kwa sekunde. Hapo gurudumu hurukaruka, hasa shokapu ikiwa imechoka.

Dereva akiongeza kasi, bodi hutulia na abiria husinzia. Lakini tairi hugusa vilele tu, hivyo breki na usukani hupungua nguvu. Utulivu huo si usalama.