Diski ya Kuhifadhia Daftari Zetu

Ndugu wanachama,

Chama kimenunua diski ya nje ya terabaiti 4 ya kuwekea nakala za daftari zetu: hesabu za mikarafuu, za mizani na za mikopo. Kabla ya kutia kitu ilitupasa kuigawa na kuifomati, na yafaa kila mwanachama ajue tulivyofanya.

Kwanza, tuliichagulia jedwali la GPT. Jedwali la kale, MBR, kwa kawaida halivuki terabaiti 2. Nusu ya diski ingekaa bure kama shamba lililoachwa kuota msitu.

Pili, tuliigawa mafungu mawili. Fungu la NTFS ni la nakala za kompyuta ya ofisi, inayotumia Windows. Fungu la exFAT ni la picha na barua, kwani Windows na Mac zote huweza kusoma na kuandika humo. FAT32 tuliiacha, haipokei faili inayofika gigabaiti 4.

Tatu, kufomati hufuta. Mimi mwenyewe niliwahi kuchagua diski siyo, nikapoteza hesabu za mizani za msimu mzima. Ikanibidi nizunguke nyumba kwa nyumba nikiomba stakabadhi. Tangu siku hiyo huchomoa diski nyengine zote kwanza, kisha nikatazama jina na ukubwa mara mbili.

Mwisho, mafungu mawili ya diski moja si nakala mbili. Ikianguka, yote huenda pamoja. Kwa hiyo diski ya pili itakaa nyumbani kwa mweka hazina. Mwenye stakabadhi za zamani tafadhali azilete ofisini.

Wassalaam,
Katibu