Aliye Juu Mngoje Chini

Katika lugha ya Kinepali, neno "chini" ni sukari. Wenyewe hulitamka kwa sauti iliyo baina ya "ch" na "ts", lakini sikio la Mswahili, hasa likiwa limechoka, husikia "chini" na basi. Neno hili nililijua vitabuni kabla sijaondoka Nairobi. Sikujua kwamba lingekuja kunishtua jioni moja ya Oktoba mwaka 2023, mita 4,450 juu ya usawa wa bahari, pale mpagazi aliponimiminia chai na kuniuliza, "Chini?", nami nikadhani ananiamuru tushuke. Laiti ingekuwa amri!

Tulikuwa watu tisa. Warsha ya siku nne kuhusu ufundishaji wa lugha za mama ilikuwa imetukutanisha Kathmandu, na baadhi yetu tukaafikiana kwamba haingefaa kuipa Himalaya kisogo na kurejea makwetu na picha za ukumbi wa mikutano pekee. Walikuwapo Wahindi watatu, Wajerumani wawili, Mtanzania mmoja, na Wakenya watatu: mimi, binti mmoja niliyekuwa nikisimamia tasnifu yake ya uzamili, na mzee mstaafu ambaye hapa nitamwita Mwalimu, kwa kuwa ndivyo nimwitavyo tangu aliponifundisha Jiografia katika kidato cha kwanza. Mwalimu hakuwa na haja na warsha. Nilimwalika mimi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akiwachorea wanafunzi safu ya Himalaya ubaoni kwa chaki, akieleza jinsi India inavyolisukuma bara la Asia na kuikunja ardhi mithili ya jamvi, na hakuwa amepata kuiona kwa macho. Nilipompigia simu alinyamaza kitambo, kisha akauliza iwapo viatu vyake vya Mlima Kenya vingefaa.

Tuliichagua njia inayoizunguka Annapurna. Jina hilo asili yake ni Kisanskriti: "anna" ni chakula, "purna" ni kujaa. Mlima mkuu wa safu hiyo una mita 8,091, na ndio uliokuwa wa kwanza kukwewa hadi kileleni miongoni mwa milima inayopita mita 8,000. Hilo lilitendeka tarehe 3 Juni 1950, na Wafaransa wawili waliofika, Maurice Herzog na Louis Lachenal, walilipia kwa vidole vyao vilivyoliwa na baridi. Sisi hatukuwa na ndoto za namna hiyo. Njia ya wasafiri wa miguu hufuata bonde la mto Marsyangdi kutoka Besisahar, kwenye mita 760 hivi, hupanda hadi kijiji cha Manang, mita 3,540, kisha huvuka mlango wa mlima uitwao Thorong La, mita 5,416, na kuteremka upande wa pili hadi Muktinath, mahali patakatifu kwa Wahindu na Wabudha pia. Pale mlangoni, kila pumzi uivutayo huwa na takriban nusu tu ya oksijeni anayoipata mtu aliyesimama Likoni akingoja feri.

Hapo zamani msafiri alilazimika kutembea kwa siku nyingi kabla ya kufika Manang, na kutembea huko ndiko kulikomtayarisha. Siku hizi barabara imechongwa katika majabali, na magari hufika Manang kwenyewe. Miguu imepumzishwa, lakini damu na mapafu havijapata gari la kuvifikisha upesi. Sisi tulipanda gari hadi Chame, mita 2,670, ili kuokoa muda. Muda huo tuliuokoa kweli, na baadaye ukatudai riba.

Sisi Wakenya tulikuwa na kiburi chetu. Nani asiyejua kwamba nchi yetu ndiyo ya wakimbiaji? Nairobi iko juu ya mita 1,600, Iten ni mita 2,400, na Mwalimu alikuwa amefika Point Lenana, mita 4,985, mara nyingi asizoweza kuzihesabu, akiwaongoza wanafunzi. Tulichosahau ni kwamba nguvu za misuli si kinga ya maradhi ya mwinuko. Kijana mwanariadha huweza kuanguka na bibi kizee akapita, na mara nyingi kijana ndiye aangukaye kwa sababu ndiye aendaye mbio. Isitoshe, mazoea ya mwinuko huutoka mwili baada ya majuma machache ya kukaa nyanda za chini. Aliyepanda salama mwaka jana hana cheti cha kupanda salama mwaka huu.

Manang pana kituo cha afya cha Chama cha Uokoaji cha Himalaya, kilichoasisiwa mwaka 1973. Katika misimu ya watalii, madaktari wa kujitolea hukaa hapo na kutoa mhadhara kuhusu maradhi haya. Tulihudhuria, tukaandika kama wanafunzi wema. Ukishapita mita 3,000, tuliambiwa, mahali unapolala pasizidi pale ulipolala jana kwa zaidi ya mita 500, na kila baada ya siku tatu au nne pumzika siku nzima. Kichwa kikiuma huko juu, chukulia kuwa ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo, wala usipande tena hadi kipone. Ipo dawa, asetazolamaidi, inayouzwa pia kwa jina la Diamox, inayousaidia mwili kuzoea upesi zaidi. Hiyo ni ya kushauriana na daktari kabla ya safari. Maradhi yakizidi, ama mapafu hujaa maji, mgonjwa akahema hata akiwa ameketi, ama ubongo huvimba, akapepesuka na kuropoka kama mlevi. Hapo tiba kuu ni moja tu: kumshusha, na kumshusha sasa hivi, si kesho asubuhi.

Tulipotoka mhadharani tulipiga kura. Swali lilikuwa iwapo tulale Manang usiku wa pili, kama ilivyoshauriwa, au tuondoke alfajiri ili tusikose ndege za kurudi makwetu. Saba tulitaka kuondoka. Wawili walipinga, mmoja wao akiwa yule binti. Tangu siku hiyo nimekuwa na mashaka na kura zinazohusu mambo ambayo mapafu hayakuulizwa.

Hapa naomba wasomaji waniwie radhi, maana nitaingiza taaluma yangu. Kiongozi wetu wa njia alikuwa kijana wa Kinepali mwenye umri wa miaka ishirini na kitu. Tangu Aprili 2023 serikali ya Nepal imewataka wageni wanaopita njia hizi wawe na kiongozi mwenye leseni, na ni amri ya busara. Kinepali kina viwango vya heshima vilivyopangwa kama ngazi: "ta" kwa mtu wa chini kabisa au mwandani wako, "timi" kwa mnayelingana au mdogo wako, "tapai" kwa wa kuheshimiwa, na kitenzi nacho hubadilika kufuata ngazi hiyo. Hata majina ya ndugu hutenga mkubwa na mdogo: kaka mkubwa ni "dai", mdogo ni "bhai", dada mkubwa ni "didi", mdogo ni "bahini". Kijana aliyelelewa ndani ya lugha hiyo haamuru mzee. Usiku ule wa kura alituambia kwa Kiingereza kwamba, kama mabwana na mabibi wangependa, siku moja zaidi ingekuwa nzuri. Lilikuwa onyo kali kadiri adabu yake ilivyomruhusu. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, sarufi ya heshima ilikuwa ya Kinepali, na mimi, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nikalisikia kama pendekezo.

Neno alilolirudia bila woga lilikuwa "bistarai, bistarai". Maana yake ni polepole, na tazama jinsi lugha mbili zisizo na undugu wowote zilivyoafikiana kwamba jambo hilo halitoshi kusemwa mara moja.

Tulilala Yak Kharka, kama mita 4,050, kisha tukafika Thorong Phedi, mita 4,450, chini ya ukuta wa mlima. Kesho yake saa kumi za usiku tungeanza kuukwea. Jioni hiyo ndipo nilipoulizwa kuhusu sukari. Kichwa kilikuwa kikinigonga, na sikumwambia mtu. Mwalimu alikuwa amekaa pembeni mwa jiko, hali wali wala dengu. Nilimwuliza hali, akasema ni uchovu. Nikamwachia.

Saa tatu usiku binti alinijia mlangoni akiwa na tochi. "Shikamoo, Daktari. Samahani kukusumbua." Akasita. Nilimwambia aseme. Akasema kwamba tangu adhuhuri amekuwa akitembea nyuma ya Mwalimu na kumwona akiyumba. Kwamba mara mbili alijikwaa mahali palipo tambarare. Na kwamba jioni alimtazama akijaribu kufunga kamba za viatu kwa muda mrefu, akashindwa, akazichomeka ndani ya kiatu kama mtoto. Nilimwuliza kwa nini hakusema mapema. Alinijibu kwa upole kwamba hakujua mtu huanzaje kumwambia mzee kama yule kuwa anatembea kama mlevi.

Sikuwa na la kumkaripia, kwa kuwa miguu yangu mwenyewe ilisita nikielekea chumbani mwa Mwalimu. Ni mtu aliyepata kunitandika kwa kuchelewa gwaride, na moyoni mwangu yeye bado yuko mbele ya darasa. Kiongozi wa njia alikuja nasi. Tulimwomba Mwalimu atembee juu ya ufa wa sakafu, kisigino mbele ya kidole, hatua kumi. Hatua ya tatu aliegemea ukuta. Alipoambiwa ni lazima ashuke alighadhibika: "Nilikuwa napanda Mlima Kenya wakati wewe hujui kufunga kamba za viatu!" Sote watatu tuliitazama miguu yake, na hakuna aliyethubutu kusema.

Yule kijana wa Kinepali ndiye aliyetuokoa. Hakumwita "sir" tena. Alimwita "buba", yaani baba, akapiga magoti akamfunga viatu, kisha akasema pasi na "kama ungependa" yoyote kwamba tunashuka sasa. Sijui alipanda au alishuka ngazi gani ya heshima hapo, lakini Mwalimu alinyamaza, akavaa koti.

Uamuzi ule haukuwa mwepesi. Baina ya Phedi na Yak Kharka pana mteremko wa mawe yanayoporomoka, ambao watu huuvuka mchana, kwa haraka, mmoja mmoja. Sisi tuliuvuka gizani, chini ya nyota, kiongozi akiwa mbele, Mwalimu katikati ya wapagazi wawili, mimi nyuma. Mmoja wa wapagazi hao alivaa viatu vya turubai. Wengi hudhani wapagazi ni watu wa theluji waliozaliwa na mapafu ya chuma. Ukweli ni kwamba wengi wao hutoka vijiji vya chini, nao huugua kama mimi na wewe, ila hawana bima wala mtu wa kuwauliza kama vichwa vinawauma. Kabla ya kulipia safari yoyote, uliza mpagazi atabeba kilo ngapi, atavaa nini na atalala wapi. Mimi sikuuliza.

Njiani nilikuwa na saa tatu za kufikiri, na nilifikiri zaidi kuhusu shule zetu. Kila mwaka walimu wetu huwapeleka wanafunzi Mlima Kenya. Ni desturi njema, nisingependa ikome. Lakini aghalabu msafara hutoka Nairobi leo, na kesho kutwa usiku umelala kambi ya Mackinder, mita 4,200. Mwanafunzi anayeumwa na kichwa hunyamaza asije akaitwa mlegevu. Mwalimu anayeumwa hunyamaza kwa sababu ni mwalimu. Mficha maradhi kilio humfichua, tunawafundisha katika darasa la methali, halafu tunapanda mlimani na kuficha. Ningependa kila msafara, kabla ya kuvuka lango la mbuga, uwape watu wawili wawili jukumu la kuchungana, mdogo na mkubwa pamoja, na mdogo aambiwe mbele ya wote kwamba akisema "Mwalimu, unayumba" hajavunja adabu. Ningependa pia saa ya kurudi itangazwe mapema, na isijadiliwe huko juu. Oktoba 2014 dhoruba ya theluji iliyotokana na kimbunga Hudhud iliua watu zaidi ya 40 katika eneo la Annapurna, wengi wao karibu na Thorong La: wageni, viongozi na wapagazi. Mlima haukuwa na haraka nao. Wala hauna haraka na shule yoyote.

Na ratiba isiyo na siku mbili za akiba ni ratiba ya mtu asiyetarajia kuugua. Yetu ilikuwa hivyo. Ndege niliyoogopa kuikosa niliikosa, na nililipa nauli nyingine. Nilikasirika kidogo kuliko nilivyodhani.

Tulifika Yak Kharka baada ya saa sita usiku. Kufikia mapambazuko Mwalimu alikuwa ameacha kuropoka, na alipofikishwa Manang kwa farasi aliweza kumtajia daktari siku, mwezi na, bila kuulizwa, urefu wa Annapurna. Daktari alimlaza siku mbili. Wenzetu sita walivuka Thorong La siku iliyofuata; binti hakuvuka, aliteremka peke yake na mpagazi kuja kutusaidia. Muktinath mimi sijaiona hadi leo.

Siku ya pili tulikaa juani nje ya kituo, Gangapurna ikimeremeta mbele yetu. Mwalimu aliitazama muda mrefu bila kusema, kisha akalalamika kwamba ubaoni alikuwa akiuchora mwinamo wake vibaya. Mpagazi wa viatu vya turubai alileta chai, akamwinamia na kijiko mkononi.

"Chini?"

"Tumeshashuka, kijana," Mwalimu akajibu kwa Kiswahili. "Tuache hapa kwanza."