Lubero: Kabla ya kusema mbele ya kamera, jua utakalosema na utakalonyamazia

Si wanasiasa peke yao wanaoombwa kuzungumza mbele ya kamera wilayani Lubero. Leo ni mama aliyekimbia vita, kesho ni muuguzi wa kituo cha afya, au kijana wa shirika la raia.

Mwishoni mwa Juni 2024, waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, kisha Kayna na Kirumba. Familia nyingi zilikimbilia upande wa Lubero na Butembo. Kila anayefika ana habari. Mtu anainua simu na kumwambia: «Mama, tueleze yaliyotokea.» Hapo mdomo unakauka, au maneno yanamwagika yote, hata yale yasiyopaswa kusikika.

Uoga huo si aibu. Dawa yake inaanza kabla kamera haijawashwa.

Somo la Ebola

Beni na Butembo ziliona jambo hili wakati wa Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, baada ya kuua watu zaidi ya 2,200. Uvumi ulienea: wengine walisema ni biashara, wengine ni siasa. Mwezi wa Februari 2019, vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa.

Maelezo ya wataalamu peke yake hayakutosha. Lakini aliyepona aliposimama akaeleza, kwa Kinande au Kiswahili, jinsi alivyougua, alivyotibiwa na alivyorudi nyumbani, jirani zake walimsikiliza. Hakuhitaji kuwa msemaji hodari. Alisema yaliyompata mwenyewe.

Jiandae hivi

Chagua mambo mawili au matatu, si kumi. Lililo kubwa liseme kwanza, maana huenda wakatumia nusu dakika tu ya maneno yako. Usikariri kama mwanafunzi. Ukisahau neno moja, yote yatapotea. Mweleze jirani mara mbili, naye akuulize maswali.

Tenganisha uliyoyaona na uliyoyasikia. «Niliona nyumba tatu zikiungua» ni ushahidi. «Wanasema kijiji chote kimeungua» ni habari ya wengine. Iseme hivyo hivyo. Usipojua, jibu «sijui». Neno hilo halimshushi mtu.

Tumia lugha unayoota nayo. Kifaransa cha kubahatisha kinaongeza uoga. Kaa mbali na barabara ya pikipiki na upepo wa mlimani, mwanga ukupige usoni. Vuta pumzi, kisha mtazame anayekuuliza, si simu yake.

Usalama kwanza

Katika eneo letu, neno linaweza kugharimu maisha. Novemba 2019, mtangazaji Papy Mumbere Mahamba wa Radio Lwemba, jimboni Ituri, aliuawa nyumbani kwake muda mfupi baada ya kuongoza kipindi kuhusu Ebola.

Kwa hiyo, kabla ya kukubali, uliza: Wewe ni nani? Video itaonyeshwa wapi? Je, sura yangu na jina langu vinaweza kufichwa? Hata sura ikifichwa, sauti, kitambaa, au kanisa linaloonekana nyuma yako vinaweza kukutambulisha. Usitaje ndugu waliobaki kijijini, njia mliyopita, wala mahali wanajeshi walipo. Aliyebakwa asisukumwe kusimulia, na mtoto asirekodiwe bila ruhusa ya mzazi au mlezi wake.

Una haki ya kusimamisha mazungumzo katikati. Mwandishi wa habari wa kweli atazima kamera bila kununa.

Video ikishaingia WhatsApp, hakuna wa kuirudisha. Itafika Goma, Kinshasa, hata kwa yule uliyemkimbia. Anayejua hayo mapema na kupanga maneno yake ndiye anayesema bila kutetemeka. Na anayeona hatari ni kubwa akanyamaza, naye ameamua vema.