Kola ya Ndovu na Mwisho wa Kupunguza Ukubwa wa Chipu

Machi 2016, Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na shirika la Save the Elephants waliwavisha ndovu 10 wa Tsavo kola za setilaiti, ili kujua watavukaje reli ya SGR iliyokuwa ikijengwa kupitia Voi. Kwa wakulima wa Sagalla, ambao baadhi yao huzuia ndovu kwa uzio wa mizinga ya nyuki, mienendo ya wanyama hao si habari ya kitabuni.

Ndani ya kola mna chipu. Inaamka, inapima mahali ndovu alipo, inatuma taarifa, inalala. Muda mwingi imelala, na betri ikiisha haibadilishwi mpaka ndovu apigwe tena mshale wa dawa ya usingizi. Kwa kazi hiyo, chipu ya kisasa kabisa ingekuwa hasara.

Sababu iko kwenye transista, swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu. Mwaka 1975 Gordon Moore wa Intel alikadiria kwamba idadi yake kwenye chipu moja ingeongezeka maradufu kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya 1971 ilikuwa na transista 2,300. Leo zipo chipu zenye makumi ya mabilioni. Lakini swichi ikipungua ukubwa, kihami chake nacho hukonda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kilifikia nanometa 1.2, unene wa atomi kama tano. Hapo elektroni haina haja ya kuuvunja ukuta wala kuuruka: sheria za kwantamu huiruhusu itokee upande wa pili. Umeme ukawa unavuja hata swichi ikiwa imezimwa, mfano wa mfereji wa maji ambao washa yake imechakaa. Joto likapanda, mbio za kasi ya prosesa zikakwama kwenye gigahezi chache.

Mwaka 2007 Intel ilibadili kihami, ikatumia chenye hafiniamu. 2011 ikasimamisha njia ya umeme wima, lango (sehemu inayowasha na kuzima swichi) liibane pande tatu. 2022 Samsung ikalizungusha pande zote. (“Nanometa 3” inayotajwa katika matangazo ya chipu hizo ni jina la biashara, lango lenyewe bado linazidi nanometa 10.) Sasa watengenezaji wanarundika chipu ghorofa kwa ghorofa, au wanaunganisha vipande vidogo kuwa kimoja.

Vifaa vya kulala sana kama kola mara nyingi hutumia chipu za nanometa 40, 90, hata 180, zisizovuja sana na za bei nafuu. Ndiyo maana kiwanda cha chipu cha Semiconductor Technologies Limited, kilichoko Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, Nyeri, nisingekipima kwa mizani ya viwanda vya chipu vya Taiwan. Ningeuliza kama kinaweza kutengeneza kihisio kitakachodumu shingoni mwa ndovu.