Songwe mpaka Dar angani: kwa nini unapewa juisi na kitafunwa tu?

Hapa Msangano jua kali kama kawaida. Kila mtu akirudi kutoka Dar kwa ndege, swali huku ni lile lile: "Nauli yote ile, halafu juisi na kitafunwa tu? Mbona hata basi linatoa soda na biskuti?" Swali halali kabisa. Nimelifuatilia, na leo nalimwaga hapa.

Kwanza tuelewane kuhusu uwanja. Unaitwa Songwe lakini uko Mkoa wa Mbeya, usije ukashukia Vwawa ukaanza kuulizia ndege. Ulianza kazi Desemba 2012, ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa Mbeya mjini. Mtu wa Tunduma anayekwenda Dar kwa basi anakula zaidi ya kilomita 900 za lami. Kwa ndege, kutoka Songwe ni saa moja na nusu hivi.

Sasa twende kwenye juisi. Chukua ile Bombardier Q400 ya Air Tanzania, zile za pangaboi zilizoanza kuingia Septemba 2016. Ina viti 76. Kanuni ya anga inayotumika sehemu nyingi duniani ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50, kwa hiyo hapo wahudumu wawili wanatosha. Katika ile saa moja na nusu toa dakika kama 20 za kupanda, watu wamefunga mikanda. Toa nyingine 25 za kushuka. Zinabaki 45. Gawa: kila mhudumu ana abiria 38, yaani kila abiria ana sekunde kama 70, na humo humo kuna kukusanya takataka. Ukiniletea wali na kuku hapo, mwenzangu wa kiti cha nyuma hapati hata maji. Sio uchoyo bana, ni hesabu ya saa.

Halafu hata hicho chakula kisingekuwa kitamu kama unavyodhani. Mwaka 2010 shirika la Lufthansa la Ujerumani liliwapa kazi wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer wachunguze kwa nini chakula cha angani kinaonekana kimepooza. Wakakuta kwamba hewa nyepesi na kavu ya ndani ya ndege inapunguza uwezo wa ulimi kusikia chumvi na sukari kwa karibu asilimia 30. Mpishi wa ndege inabidi akoleze zaidi. Kwa hiyo ukiona pilau la ndege halina ladha, usimlaumu mpishi peke yake, pua yako nayo imekauka.

Hapo kwenye hewa ndipo ufundi wenyewe ulipo. Ndege ikiwa juu sana, nje hakuna hewa ya kutosha kuvuta, kwa hiyo ndani wanaijaza kwa mgandamizo. Lakini hawaijazi mpaka ifanane na ya Dar, maana bodi ingelazimika kuwa nzito mno. Ndege nyingi zinakuweka kama vile umesimama kwenye mlima wa mita 2,400. Boeing 787 Dreamliner, ambayo Air Tanzania ilipokea ya kwanza Julai 2018, inakuweka kwenye mita 1,800 hivi. Mbeya mjini ni kama mita 1,700. Kwa hiyo wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou na Dreamliner, mapafu yao yanadhani bado yako Mwanjelwa! Bodi yake pia si ya bati zima kama za zamani, sehemu kubwa ni nyuzi za kaboni zisizopata kutu, ndiyo maana wanaweza kuacha unyevu zaidi ndani. Na madirisha hayana pazia la kushusha, unabonyeza kitufe kioo kinageuka cheusi taratibu.

Q400 yenyewe watu wanaidharau eti ya mapanga. Ile herufi Q ni ya ukimya, kwa sababu ina mitambo inayopunguza mtikisiko na kelele za mapanga ndani. Inakula mafuta kidogo kwa safari fupi. Viti ni viwili kushoto, viwili kulia, kwa hiyo hakuna mtu wa kubanwa katikati. Bawa liko juu, unaona mashamba yote chini. Ushauri wangu: epuka viti vilivyo usawa wa mapanga, ndiko kwenye mngurumo.

Airbus A220-300, iliyofika Desemba 2018 (Air Tanzania ndiyo ya kwanza Afrika kuipata), ina viti 132. Upande mmoja viwili, mwingine vitatu. Kile cha katikati, ambacho kila mtu anakikimbia, mtengenezaji alikipanga kiwe na upana wa inchi 19, nusu inchi zaidi ya jirani zake. Kama una mwili kama wangu, kitafakari.

Kuhusu kubanana magoti, wakongwe mtakumbuka fastjet. Walianza Dar Novemba 2012 na nauli ya kuanzia Sh 32,000 kabla ya kodi, baadaye wakaja mpaka Songwe. Airbus A319 yao ilikuwa na viti 156. Mashirika mengine ndege hiyo hiyo huweka kati ya 120 na 144. Siri ndiyo hiyo: unapunguza nafasi ya magoti, unaongeza safu, nauli inashuka. Maji ulinunua. Walifunga shughuli hapa nchini mwishoni mwa 2018, lakini watu kibao walipanda ndege mara ya kwanza kwa sababu yao. Mimi nasema hiyo ilikuwa huduma kuliko kiti kipana.

Ila kuna jambo linaniuma, na halihusu inchi. Shangazi yangu alipelekwa Dar kwa ndege kutibiwa macho, shirika silitaji. Ana sukari. Mhudumu alipopita na toroli akakataa kila kitu, akidhani vinauzwa na yeye kwenye kitenge alifunga elfu tano tu. Kwenda msalani hakuthubutu, mlango hakujua unasukumwa wapi. Kile kitufe cha kumwita mhudumu juu ya kichwa alidhani ni cha hatari, ukigusa ndege inatua. Aliposhuka alikuwa anatetemeka na jasho linamtoka. Matangazo yalisomwa mbio, ya Kiingereza na ya Kiswahili, akaambulia "mkanda" tu. Binamu yangu aliyempokea alimpa soda pale pale nje, la sivyo sijui.

Kumsaidia mtu kama huyo hakuhitaji ndege mpya. Wakati wa kuonyesha mkanda, mhudumu aongeze sentensi tatu za Kiswahili cha polepole: maji na kitafunwa vimo kwenye nauli, kitufe hiki ni cha kuniita, mlango wa choo unafunguliwa hivi. Nusu dakika. Kwenye safari za viwanja kama Songwe, ambako kila siku kuna mgeni wa kwanza wa ndege, iwe lazima.

Mpaka hilo litokee, ukimsindikiza mzee, waambie kaunta pale pale: "Mama huyu ni mara yake ya kwanza na ana sukari." Na yeye mwambie amwambie mhudumu mlangoni, asione haya. Mfungie na maandazi mawili kwenye mfuko, hayazuiwi.

Waliosafiri karibuni, hivi mliwahi kusikia ikitangazwa kwa Kiswahili kwamba maji ni bure?