Uzuiaji Rejeshi katika Umetaboli wa Seli: Dhana na Istilahi

Makala haya yanafafanua jinsi seli inavyodhibiti umetaboli wake kwa mrejesho, na istilahi inayofaa kuibeba dhana hiyo. Mfano unaotumika ni utengenezaji wa isolusini katika bakteria Escherichia coli. Asidi amino hiyo hutokana na threonini kwa hatua tano, kila hatua ikichochewa na kimeng'enya chake. Mwaka 1956, H. Edwin Umbarger alionyesha kwamba isolusini ikizidi huzuia kimeng'enya cha hatua ya kwanza. Hivyo njia nzima hupungua kasi, na malighafi haipotei katika mazao ya kati. Isolusini ikitumika kujenga protini, uzuiaji hulegea na kazi huendelea.

Isolusini haigombei mahali pa threonini; hujishikiza mahali pengine, na umbo la kimeng'enya hubadilika. Mwaka 1961, Jacques Monod na François Jacob waliipa hali hiyo jina la alosteria, kutokana na Kigiriki allos, yaani 'nyingine', na stereos, yaani 'yabisi'.

Kiistilahi, 'mrejesho' pekee hautoshi, kwani mrejesho waweza pia kuchochea. Aidha, 'kizuizi' hutaja kitu kinachozuia, yaani isolusini yenyewe, ilhali 'uzuiaji' hutaja mchakato. Hivyo basi, 'uzuiaji rejeshi' ndiyo istilahi inayofaa. Vilevile, kuzuia si kuharibu: kimeng'enya kilichozuiwa ki kizima, nacho hurudia kazi mara zao linapopungua. Mwanafunzi asiyepewa tofauti hiyo kwa lugha yake atakariri jina bila kuielewa dhana.